Tela limetushinda Milima ya Rocky: tatizo ni gari, ni tela au ni sisi?

Swali: Shikamoo mzee. Tunaishi Aurora, Colorado, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mwaka huu tulinunua tela la kulala lililotumika, la futi 24, ambalo likiwa tupu lina uzito wa kilo 2,360. Tunalivuta kwa pikapu ya petroli isiyo na tabo (turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa). Mwezi uliopita tulitaka kwenda Moab, Utah, kwa siku moja. Kupanda kuelekea handaki la Eisenhower gari lilinguruma mpaka watoto wakaziba masikio, na mshale wa joto ukapanda. Tulipotokea upande wa pili mteremko ukatuchukua. Mume wangu alikanyaga breki mpaka Silverthorne, magurudumu ya mbele ya gari yakatoa harufu ya kuungua na pedeli ikawa laini. Tukalala hapo, kesho yake tukarudi nyumbani polepole. Binamu yake aliye dereva nyumbani anasema tungeweka nyutro injini ipumzike. Tunataka kujaribu tena Septemba. Je, gari ni dogo, tela ni kubwa, au sisi hatujui kuendesha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, gari hilo lisivute kitu tena mpaka fundi amwage mafuta ya breki yaliyomo, aweke mapya, kisha akague pedi na diski za mbele. Pedeli kulainika kwenye mteremko kwa kawaida ni dalili kwamba mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke ndani ya mirija. Mafuta hayabonyei lakini mvuke hubonyea, ndiyo maana mguu unazama. Yakishapoa pedeli hukaza tena na dereva hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema.

Sasa swali lenyewe. Katika barua yako kuna jambo moja lililonieleza kuliko mengine yote: harufu ilitoka magurudumu ya mbele ya gari. Hukusema lolote kuhusu magurudumu ya tela. Tela la ukubwa huo lina breki zake lenyewe, za umeme, na huamriwa na kidude kidogo kilichofungwa chini ya dashibodi au kilichojengwa ndani yake. Dereva akikanyaga breki, kidude hicho hupeleka umeme nyuma, sumaku ndani ya ngoma za breki zikashika. Kama zingekuwa zinafanya kazi yake, nazo zingenuka, pengine kabla ya zile za mbele. Ninavyoona mimi, breki za tela lenu zilikuwa zimelala, na pikapu ikawa inajisimamisha yenyewe na kusimamisha tani nyingine mbili na nusu zinazoisukuma kwa nyuma. Hakuna gari la familia litakalovumilia hilo kwa maili nane za mteremko.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mlima. Nendeni kwenye eneo la maegesho lililo tupu na tambarare, mwendo maili 25 kwa saa. Kwenye kile kidude kuna kijiti au kitufe cha kubana kwa mkono, ambacho huamuru breki za tela peke yake. Mume wako akibane bila kugusa pedeli. Tela linapaswa kulivuta gari nyuma kwa nguvu ya kusikika mwilini, ila magurudumu yake yasiburuzike. Likiburuzika, punguza namba ya nguvu kwenye kidude. Lisipovuta, ongeza. Ukiongeza hadi mwisho na bado halivuti, kuna waya uliokatika, sumaku zilizolika au plagi iliyoshika kutu, na hilo kwa tela lililotumika ni la kawaida mno. Mpelekeeni fundi wa matela afungue ngoma zote nne. Namba hiyo ya nguvu huwekwa upya kila mzigo unapobadilika sana, jambo ambalo wauzaji wengi hawamwambii mnunuzi.

Tuseme breki sasa zinashika. Bado mteremko ule hauteremkwi kwa breki, na hapa ndipo hasa nataka mume wako akae asome mwenyewe. Kasi ya kuteremkia huchaguliwa juu, kabla gari halijainamisha pua. Ukishaanza kushuka kwa maili 65 na tela nyuma, unachobaki nacho ni kupambana na uzito kwa pedi na diski, na kila pambano linageuka joto. Handaki la Eisenhower, upande wa magharibi, liko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Silverthorne iko zaidi ya mita 600 chini yake, na mnaufikia mji huo ndani ya kilomita 13 hivi, kukiwa na sehemu zenye mwinamo wa asilimia 7. Teremsheni gia mkiwa bado ndani ya handaki. Washeni ile hali ya kuvuta mzigo iliyo kwenye gia, kisha shusheni kwa mkono mpaka namba tatu, au mbili ikibidi, mtokeze nje mkiwa maili 40 au 45, njia ya kulia, pamoja na malori.

Injini itapiga kelele. Iacheni. Mizunguko elfu nne na zaidi kwa dakika si ugonjwa kwa injini ya petroli ya kisasa, ilimradi mshale usiguse eneo jekundu. Kelele hiyo ndiyo inayowashikilia bila kutumia pedi. Gari likijisogeza lenyewe kufika 45, kanyageni breki kwa uthabiti, si kwa kubembeleza, mpaka lishuke karibu 35, kisha ondoeni mguu kabisa. Acheni breki zipoe wakati gari linapanda tena taratibu kwenda 45. Mguu unaokaa juu ya pedeli kidogo kidogo kwa dakika kumi huunguza breki kuliko mguu unaokanyaga sana mara moja na kuachia. Mkiona mnalazimika kukanyaga kila baada ya sekunde chache, gia iko juu: shusheni moja zaidi.

Kuhusu ushauri wa binamu, mwambieni namheshimu lakini hapana. Najua ulikotoka. Wako madereva wa nyumbani waliozoea kuweka nyutro kwenye miteremko ili kuokoa mafuta, na waliopita mteremko wa Kitonga, kule Iringa, wameona mabaki ya waliofanya hivyo. Injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta hukata petroli yenyewe, kwa hiyo hata hicho kinachookolewa hakipo. Nyutro inawanyang'anya breki pekee isiyochoka.

Na mkiona pedeli imelainika tena katikati ya mteremko? Kuna njia mbili za kuokolea malori yaliyokatika breki kwenye mteremko ule wa kutoka handakini hadi Silverthorne, uitwao Straight Creek, na nyingine ziko magharibi ya Vail Pass, kipito cha mlima kinachofuata. Ni vichochoro vya changarawe nene vinavyopanda upande wa mlima, na magurudumu yakizama humo gari husimama. Hazikuwekwa kwa malori peke yake. Ingieni. Tela litaharibika, pengine na pikapu, na mtalipia kuvutwa, lakini mtashuka kwa miguu yenu.

Kupanda ni habari fupi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Pale handakini injini yenu imebaki na theluthi mbili hivi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu. Hamjaharibikiwa, ndivyo ilivyo kwa kila mtu asiye na tabo, na aliyewapita kwa kasi huenda alikuwa na dizeli yenye tabo. Kubalini maili 35 au 40, kaeni kulia. Mshale wa joto ukianza kupanda, zimeni kiyoyozi, fungueni hita ya ndani hadi mwisho na madirisha, punguzeni mwendo na mtumie gia ya chini zaidi ili pampu ya maji na feni vizunguke haraka. Mkilazimika kusimama, msizime injini papo hapo, iacheni iungurume kwanza dakika chache. Na msifungue rejeta ya moto, hata mwenye haraka akisema nini.

Neno moja la petroli. Vituo vya Colorado huuza ya bei ya chini yenye namba ya okteni 85 kwa sababu ya mwinuko. Kama kijitabu cha gari kinasema 87, nunueni 87, hasa siku ya kuvuta tela. Ile 85 ni urithi wa magari ya zamani ya kabureta.

Gari ni dogo? Hilo linajibiwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, si na namba kubwa waliyowaambia dukani. Dukani husifu uzito gari linaloweza kuvuta. Kibandiko kinataja uzito gari linaloweza kubeba, na huo ndio unaoisha kwanza. Chukua pikapu ambayo kibandiko chake kinasema pauni 1,480, yaani kilo 670, kiasi cha kawaida kwa pikapu za daraja lenu. Tela lenu tupu ni kilo 2,360. Wekeni mitungi miwili ya gesi, betri, vyakula, sufuria, matandiko na baiskeli za watoto, kisha mjaze tangi la maji la galoni 40, ambalo peke yake ni kilo 150. Mmeshafika 2,850 bila kujua. Tela linalotulia barabarani hulaza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano ya gari. Tuchukue 13: kilo 370. Zimebaki 300 za kubeba baba, mama, watoto watatu, jenereta, jiko la mkaa na lile boksi la barafu. Mmezidi kabla hamjafunga mlango.

Dawa ya kwanza ni maji. Safirini na tangi karibu tupu, mjaze mnakokwenda. Punguzeni kwenye bodi ya pikapu kila kisicho cha lazima. Lakini msiokoe ndoano kwa kurundika vitu vizito nyuma kabisa ya tela. Tela lenye mkia mzito na pua nyepesi huanza kuyumba, na kuyumba huko kwenye mteremko ndiko kunakopindua watu. Kisha piteni kwenye mizani ya malori, ipo kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya madereva wa masafa marefu, kwa dola chache mtapewa karatasi ya uzito wa kila ekseli. Ninyi mna tela tayari na familia tayari. Bila karatasi hiyo mimi na wewe tunabahatisha tu. Ikionyesha mmezidi hata baada ya kupunguza, basi ndiyo, gari ni dogo, na msibishane na namba.

Matairi ya tela yana masharti yake. Someni tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kiwanda ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela lililotumika mara nyingi huwa na matairi yenye kashata nzuri na mpira uliokufa kwa kukaa juani. Jazeni upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kiwango cha kibandiko cha tela. Mkipima tena juu milimani mtakuta umeongezeka kidogo kwa sababu hewa ya nje imepungua. Msiutoe.

Sasa siku yenyewe. Aurora hadi Moab ni maili 360 hivi. Bila tela watu huenda kwa saa sita. Kwa tela, pamoja na vituo vya watoto, hiyo ni siku ya saa tisa au kumi, na saa za mwisho mtazitumia mmechoka kwenye jangwa lenye upepo. Mimi ningelala Fruita, karibu na mpaka wa Utah, ambako kuna hifadhi ya jimbo kando ya mto Colorado yenye nafasi za matela. Moab inabaki safari fupi ya asubuhi.

Ondokeni Jumanne au Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, msiondoke Ijumaa wala Jumamosi. Kuna sababu mbili: foleni ya wenda milimani, na mvua za radi ambazo kiangazi hupenda kushuka mchana. Simameni Georgetown mnyooshe miguu na mguse vikombe vya magurudumu, vyote vinane. Kile kipimajoto kidogo cha kulenga kwa mwanga kinafaa zaidi kuliko kiganja. Ngoma moja ikiwa baridi kabisa wakati wenzake wana moto, breki yake haishiki. Moja ikiwa moto kupita wenzake, inakwama au beringi inakufa. Rudieni kipimo hicho Silverthorne, ambako ndiko mtajua kama fundi alifanya kazi yake.

Kutoka hapo mnapanda tena Vail Pass, mita 3,250, na upande wa pili kuna mteremko mwingine wa asilimia 7. Watu wengi huumbuka huu wa pili, kwa sababu ule wa kwanza umewapa kiburi. Gia chini mkiwa juu, vilevile. Baada ya Vail barabara inatulia mpaka korongo la Glenwood.

Korongo hilo ni kipande kizuri kuliko vyote kwa abiria na chenye kazi kuliko vyote kwa dereva. Barabara ilikamilika 1992, sehemu zake nyingi zimejengwa juu ya nguzo kandokando ya mto, kona zinafuatana, na mwendo unapungua hadi maili 50. Msiwaache watoto wamwite baba aangalie mto. Moto wa Grizzly Creek uliteketeza misitu ya juu yake 2020, na kiangazi cha 2021 maporomoko ya tope yakaifunga barabara kwa zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Silverthorne angalieni taarifa za idara ya barabara ya Colorado. Korongo likifungwa, simu itawaonyesha njia fupi ya kupitia Independence Pass. Msiifuate hata kidogo. Njia hiyo inapanda mita 3,687, ina sehemu zisizotosha magari mawili kupishana, na chombo kinachozidi futi 35 kimekatazwa kisheria. Ninyi na tela ni zaidi ya futi 40. Mchepuko wa kweli unazungukia kaskazini, kupitia Steamboat Springs na Craig, unakula saa kadhaa. Bora mlale Dillon.

Usiniulize kama njia ya kusini ni nyepesi zaidi. Nayo hupanda Monarch Pass, mita 3,448.

Baada ya Rifle milima inarudi nyuma na adui anakuwa upepo. Tela ni ukuta. Lori likiwapita litawasukuma nje kidogo kisha kuwavuta ndani, hilo ni la kawaida. Lakini tela likianza kuyumba lenyewe kushoto na kulia, na kila yumbo ni kubwa kuliko lililopita, mume wako asikanyage breki ya gari wala asipambane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawasawa, abane kile kijiti cha breki za tela kwa mkono. Tela likivutwa nyuma hunyooka. Azoee kukifikia kijiti hicho bila kukitazama, hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Na mwendo usizidi 65 hata pale mabango yanaporuhusu zaidi. Matela yanayumba zaidi kasi ikipanda, na matairi mengi ya matela yametengenezwa kwa mwendo huo.

Watoto, na wewe pia, nyweni maji mengi kuliko kawaida. Kichwa kikiuma handakini, ni mwinuko.

Nimebakiza kurudi, kwa kuwa ndiko mtakakokutana na mteremko ambao hamkuuhesabu. Ukitoka magharibi, baada ya Genesee unaiona Denver yote imetandazwa mbele na moyo unasema tumefika. Bado kuna maili kadhaa za mteremko wa asilimia 6 zenye kona, na idara ya barabara imeweka mabango makubwa ya kuwaambia madereva wa malori wasidanganyike, hawajafika chini. Aprili 2019 lori lililobeba mbao lilipoteza breki kwenye mteremko huo, likapita njia ya kuokolea bila kuingia, likagonga magari yaliyosimama kwenye foleni kule Lakewood. Watu wanne walikufa. Kwa hiyo msirudi Jumapili jioni foleni inapokuwa ndefu. Mkiwa Idaho Springs msiingie njia ya kulipia ya kushoto, imekatazwa kwa chombo kirefu kama chenu. Shusheni gia Genesee, kaeni kulia nyuma ya lori lolote linaloteremka maili 35 hata mkipigiwa honi, na msirudishe gia juu mpaka mpite njia ya kutokea ya Morrison.